Lenzi Inatoa Duara, Picha Inatoka Mstatili: Nani Aliikata?

Msimu wa mahafali ukifika Dodoma, studio za mjini hupokea simu nyingi kuliko kamera. Mteja anafungua picha ya pamoja, wahitimu wamejipanga na majoho yao, anataka isafishwe saizi ya 4R. Picha inatoka na rangi safi, lakini kofia za mstari wa nyuma zimekatwa juu na viatu vya mstari wa mbele vimekatwa chini. Mteja analaumu printa, mwenye studio analaumu simu. Hakuna mwenye kosa hapo. Simu ina umbo lake, karatasi ina umbo lake, na tofauti ya maumbo hayo lazima ikatwe mahali fulani.

Hesabu yake ni fupi. Simu nyingi zinazotoa picha ya megapikseli 12 hupiga pikseli 4032 kwa 3024, yaani uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 4R ni inchi 6 kwa 4, uwiano wa 3 kwa 2. Ili upana wote wa picha ujaze karatasi, kimo kinatakiwa kiwe pikseli 2688. Zinaondoka 336: 168 juu na 168 chini. Kwenye karatasi hizo ni kama milimita 6 kila upande, na milimita 6 zinatosha kabisa kumaliza kofia ya mhitimu aliyesimama nyuma. Picha ikiwa imepigwa wima, kinachokatwa ni kushoto na kulia, na hapo wanaoumia ni watu wa pembeni.

Lakini nani aliamua simu iwe 4 kwa 3, karatasi iwe 3 kwa 2, na kwa nini wote hawakukubaliana kwenye mraba? Wengi hujibu kwamba mstatili ndio umbo la asili la picha na mraba ni pambo la Instagram. Ukianzia kwenye lenzi yenyewe utaona mambo ni kinyume.

Kinachotoka nyuma ya lenzi

Lenzi haina habari ya mstatili. Vioo vyake ni vya mviringo, na picha inayoitupa nyuma yake ni duara. Jambo hili unaweza kulithibitisha mezani kwa dakika tano. Chukua lenzi ya milimita 50 ya kamera ya DSLR, ile ya dijitali yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, ivue, simama kwenye chumba chenye giza kiasi mkabala na dirisha linalotazama nje kwenye jua. Shika karatasi nyeupe kama sentimita 4 na nusu nyuma ya lenzi, sehemu ile inayobana kwenye kamera, kisha isogeze mbele na nyuma taratibu. Miti, ukuta na mapaa ya jirani vitatokea kwenye karatasi, juu chini, ndani ya doa la mviringo ambalo kingo zake zinafifia. Ukiona giza tupu, huenda ni lenzi ya Nikon isiyo na pete ya tundu la mwanga. Hizo hujifunga zikivuliwa, na inabidi usukume kwa kidole kile kiwiko kidogo cha chuma kilichoko nyuma. Vioo vya dirisha vifungwe kabla hujaanza. Vumbi la Dodoma likiingia nyuma ya lenzi litahamia kwenye kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, ambacho mafundi wengi wanakiita sensa, na hapo umejitengenezea kazi nyingine.

Mtengenezaji wa kamera anapewa duara hilo, na kazi yake ni kuchagua kipande cha kuchukua. Kamera za fremu kamili zina kihisi cha milimita 36 kwa 24. Ulalo wake, yaani mstari wa kutoka pembe hadi pembe, ni milimita 43.3, na huo ndio kipenyo cha duara ambalo lenzi lazima ilifunike vizuri. Eneo la duara hilo ni kama milimita za mraba 1,470. Kihisi cha 36 kwa 24 kinachukua 864 tu. Ukiweka mraba ndani ya duara lilelile, kila upande unakuwa milimita 30.6 na eneo linapanda hadi 936. Uwiano wa 4 kwa 3 unatoa karibu 899. Ule wa 16 kwa 9, umbo la televisheni za sasa, unashuka hadi 800.

Kwa hiyo kati ya mistatili yote inayoingia kwenye duara, mraba ndio wenye eneo kubwa kuliko yote, na hesabu ya sekondari inatosha kulionyesha hilo. Anayesema mraba unapoteza lenzi amegeuza mambo. Mraba hutumia lenzi kuliko umbo lolote lenye pembe nne, na kadiri mstatili unavyorefuka ndivyo kioo ulichokilipia kwa bei kubwa kinavyofanya kazi bure.

Aliyeheshimu duara kikamilifu ni kamera ya kwanza ya Kodak, ya mwaka 1888. Picha zake zilikuwa za mviringo, zenye kipenyo cha inchi 2 na nusu. Lenzi za wakati ule zilikuwa dhaifu pembezoni, na duara liliziacha nje zile pembe zenye ukungu.

Mkanda, kioo na mkono

Mstatili wa 36 kwa 24 ulitokana na mkanda wa sinema. Filamu ya milimita 35 ina matundu ya kuvutia pande zote mbili, na kati ya matundu hayo unabaki na upana wa karibu milimita 24 wa kuweka picha. Upana huo umefungwa, ila urefu uko huru, maana mkanda unaendelea. Fremu ya sinema isiyo na sauti ilikuwa milimita 24 kwa 18. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Ujerumani, alilaza mkanda na kuunganisha fremu mbili kuwa moja: 18 mara mbili ni 36. Kamera yake, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, na karatasi ya inchi 6 kwa 4 tunayoiita 4R ina uwiano uleule hadi leo. Ukiwa na mkanda ambao upande mmoja umebanwa, njia pekee ya kupata eneo zaidi ni kurefusha upande wa pili. Kwa hali ile mstatili ulikuwa uamuzi wa busara, lakini uamuzi huo ulihusu mkanda. Lenzi haikuulizwa.

Filamu pana ya 120 ilitoa nafasi tofauti. Picha yake ina upana wa milimita 56 na haina matundu, hivyo mtengenezaji aliweza kuchagua: fremu 8 ndefu za 6 kwa 9, kwa sentimita za makadirio, au 10 za 6 kwa 7, au 12 za mraba wa 6 kwa 6, au 16 za 6 kwa 4.5. Hapo ndipo mraba ulipostawi, na sababu yake inaeleweka zaidi ukiishika Rolleiflex, kamera ya Kijerumani ya mwaka 1929 yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Mpiga picha anaining'iniza kifuani na kutazama chini kwenye kioo cha juu. Picha anayoiona imesimama sawasawa, ila kushoto kumekuwa kulia. Sasa jaribu kuilaza kamera hiyo ili ibadili umbo kutoka mlalo kwenda wima. Kioo cha kutazamia kinaelekea ubavuni, unalazimika kuchungulia kutoka pembeni, na picha nayo inaonekana juu chini. Haiwezekani kufanya kazi hivyo siku nzima. Mraba ulimaliza tatizo: kamera haigeuzwi kamwe, wima au mlalo unaamuliwa baadaye wakati wa kusafisha. Hasselblad walifuata njia hiyohiyo kuanzia mwaka 1948, na wanaanga wa Apollo waliotembea mwezini wakiwa na kamera za kampuni hiyo zimefungwa kifuani hawakuwa na haja ya kuzigeuza.

Gharama ilijitokeza mwishoni. Karatasi maarufu ya picha za ukutani ni inchi 10 kwa 8. Ukichukua fremu ya milimita 56 kwa 56 ukaiweka kwenye karatasi hiyo, unabaki na 56 kwa 45 hivi, yaani moja ya tano ya filamu imetupwa. Wapiga picha wengi wa harusi walilipia mraba na kumpa mteja mstatili.

Kwenye kamera za lenzi moja zenye kioo ndani, zile zinazokuonyesha picha kupitia lenzi yenyewe, mraba ulipata kikwazo kingine ambacho wengi hawakitaji. Kioo kile kinachopanda ukibonyeza kitufe kimeinama nyuzi 45, na urefu wake unafuata kimo cha fremu. Kwa kimo cha milimita 24, hesabu ya harakaharaka ni 24 mara 1.41, karibu milimita 34. Kwa mraba wa 30.6 kinakuwa milimita 43. Kioo kirefu kinahitaji nafasi ya kuzunguka bila kugonga kioo cha nyuma cha lenzi, hivyo lenzi inasukumwa mbele zaidi. Na lenzi ya pembe pana ikisukumwa mbali na kihisi inakuwa ngumu kuitengeneza, nzito, na ghali. Kwenye Nikon F umbali huo ni milimita 46.5, kwenye Canon EF ni 44, na hapo fremu ina kimo cha 24 tu.

Mamiya RB67 ya mwaka 1970 inaonyesha bei kamili ya kutaka vyote viwili. Fremu yake ni 6 kwa 7, lakini mgongo wa filamu, yaani sehemu ya nyuma inayoshika filamu, unazunguka, hivyo unapata wima au mlalo bila kuigeuza kamera. Ili hilo liwezekane, kioo na sehemu ya kutazamia lazima vifunike mraba wa 7 kwa 7. Matokeo ni kamera yenye zaidi ya kilo 2 na nusu ikiwa na lenzi yake. Wapiga picha wa studio waliipenda kwa haki kabisa. Anayetembea juani kutwa nzima angeichoka kabla ya adhuhuri.

Shata, kifuniko kinachofunguka kuruhusu mwanga, nayo ina neno lake. Shata za kisasa za pazia hushuka kupitia upande mfupi wa fremu, milimita 24, ndiyo maana nyingi zinakubaliana na flashi kwenye 1/250 ya sekunde. Pazia lilelile kwa mwendo uleule likivuka milimita 30.6, kasi hiyo inashuka hadi karibu 1/200. Ni tofauti ndogo, theluthi ya stopu, kipimo cha wapiga picha cha kuongeza au kupunguza mwanga. Ila kwenye mahafali ya saa sita mchana, uso umejaa kivuli cha kofia na wewe unajazia mwanga kwa flashi, theluthi hiyo unaiona.

Kioo kimeondoka, kwa nini mraba haukurudi?

Kamera za sasa zisizo na kioo zimefuta hoja ya nafasi ya kuzungukia. Lenzi imesogea hadi milimita 16 kutoka kwenye kihisi kwa Nikon Z, 18 kwa Sony E, 20 kwa Canon RF. Mkanda wa matundu umekwisha. Mtu angetegemea mraba urudi, na kwa hakika inasikitisha kwamba bado ni nadra. Sababu zilizobaki ni mbili, na ya pili ndiyo nzito.

Ya kwanza ni usomaji. Kihisi husomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kihisi cha pikseli 6000 kwa 4000 kina mistari 4,000. Mraba wa duara lilelile, wenye pikseli za ukubwa uleule, ungekuwa na mistari kama 5,100. Mistari ikiongezeka, muda wa kumaliza fremu moja unaongezeka kwa zaidi ya robo. Ukipiga kwa shata ya kielektroniki treni ya SGR ikipita, mabehewa yanaonekana yameinama, kwa sababu mstari wa chini umesomwa treni ikiwa imeshasogea. Mraba ungeyainamisha zaidi.

Ya pili ni kwamba mraba una eneo kubwa kama tu utautumia ukiwa mraba. Ukiukata mraba wa 30.6 ili upate 3 kwa 2, unabaki na milimita 30.6 kwa 20.4, yaani eneo la 624. Kihisi cha kawaida kingekupa 864. Umepoteza zaidi ya robo. Upande wa pili, ukikata kihisi cha kawaida kuwa mraba unabaki na 24 kwa 24, eneo la 576, wakati mraba halisi ungekuwa na 936. Hapo hasara ni kubwa zaidi. Mbishi wa kila upande ana hoja, kwa kuwa kila mmoja anahesabu picha ya mwisho aliyoizoea. Viwanda vinafuata wengi, na wengi wanatazama picha na video kwenye vioo vya mstatili.

Hasselblad wenyewe wanatoa ushahidi. Waliwahi kutengeneza mgongo wa dijitali wenye kihisi cha mraba, milimita 37 kwa 37 na megapikseli 16, kwa ajili ya kamera zao za zamani. Migongo ya baadaye ya kamera hizohizo ni ya mstatili, ile ya karibuni ikiwa milimita 44 kwa 33. Tatizo la mwaka 1929 limerudi kama lilivyokuwa: ukitaka picha ya wima na unatazama kutoka juu, inabidi kutafuta namna.

Kuna njia ya tatu, na hiyo naiona ndiyo yenye akili kuliko zote. Badala ya kuuliza mraba mkubwa kiasi gani unaingia kwenye duara, uliza mraba gani unabeba mstatili wa mlalo na wa wima kwa pamoja. Kwa 36 kwa 24, jibu ni 36 kwa 36. Pembe zake nne ziko nje ya duara na ni za giza, lakini hazitumiki. Unatumia umbo la msalaba. Gharama ni silikoni, malighafi ya kihisi, zaidi kwa nusu. Kwenye kihisi kikubwa gharama hiyo inauma, kwenye kihisi kidogo cha simu inavumilika. Apple walitumia kihisi cha mraba kwenye kamera ya mbele ya iPhone 17 mwaka 2025: simu imesimama wima mkononi, selfi ya kikundi inatoka mlalo. GoPro walisogea upande huo mwaka 2022, kihisi cha HERO11 kikiwa 8 kwa 7, ili video moja ikatwe kwa YouTube na kwa TikTok. Panasonic, kwenye baadhi ya kamera zao kama GH2 na GH5S, waliweka kihisi kikubwa kuliko duara linavyohitaji, ili 4 kwa 3, 3 kwa 2 na 16 kwa 9 zote ziwe na ulalo uleule au karibu sawa. Ukibadili umbo, upana wa lenzi haupungui.

Kazini

Kwa anayepiga picha za watu Dodoma, haya yote yanaishia kwenye nafasi ya kuacha pembeni. Simu ya 4 kwa 3 ikiwa mlalo na kazi inakwenda 4R: acha sehemu moja ya kumi na nane ya kimo tupu juu, na kiasi hichohicho chini. Kamera ya 6000 kwa 4000 na kazi inakwenda 10 kwa 8: zinaondoka pikseli 500 kila ncha, yaani moja ya kumi na mbili ya urefu. Kazi ikienda mraba: pikseli 1000 kila ncha, moja ya sita, na megapikseli 24 zinabaki 16. Mteja akitaka na ya kuweka status, 9 kwa 16, usijidanganye kwamba utaikata kutoka kwenye picha ya kikundi ya mlalo. Unabaki na pikseli 2250 kati ya 6000 za upana, na nusu ya ukoo imebaki nje. Simamisha kamera upige nyingine.

Kuna mpangilio wa 1:1 ndani ya kamera, na ni msaada mzuri wa kutunga picha, ila ujue unachofanya. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kihisi, kwenye kamera nyingi huhifadhi fremu nzima na alama tu ya mraba. Faili la JPEG hukatwa moja kwa moja na pande zilizokatwa hazirudi. Anayepiga JPEG peke yake kwa 1:1, kisha mteja akaomba inchi 18 kwa 12 ya sebuleni, hana tena cha kumpa. Weka mistari ya mraba kwenye kioo cha kutazamia, piga fremu nzima.

Picha za viza zina shida yao. Viza ya Schengen inataka milimita 35 kwa 45. Viza ya Marekani inataka mraba wa inchi 2 kwa 2, na faili likitumwa mtandaoni liwe kati ya pikseli 600 kwa 600 na 1200 kwa 1200, kichwa kikichukua asilimia 50 hadi 69 ya kimo. Kosa linaloonekana sana ni kuchukua ile ya 35 kwa 45 iliyokwisha kukatwa na kuivuta kwa upana hadi iwe mraba. Uso unapanuka kwa zaidi ya robo, na huyo si mwombaji tena. Piga tangu mwanzo ukiwa umerudi nyuma hatua moja, mandhari meupe yaonekane pande zote mbili za mabega, na kutoka faili hilohilo utakata zote mbili.

Kuhusu kutunga picha, mraba una watu wake na vitu vyake. Mbuyu wa uwanda wa Dodoma una kiwiliwili kinene na matawi yanayotanuka karibu sawa na kimo chake. Unakaa ndani ya mraba kama umepimiwa. Ukiupiga mlalo, unarudi nyuma mpaka ncha za matawi ziingie, na kushoto na kulia unabaki na vichaka visivyokuwa na kazi. Tembe ya Kigogo, ndefu, ya paa bapa, inataka mstatili tena mrefu. Mraba utaijazia anga juu na udongo chini hadi nyumba yenyewe ionekane kipande.

Ukiamua kusafisha mraba, zungumza na mwenye printa kabla hajabonyeza. Kwenye programu ya kuchapisha kuna kuchagua picha ijaze karatasi au itoshee ndani yake. Ikijaza, mraba wako utakatwa theluthi nzima ili uwe 4R. Ikitoshea, unapata mraba wa milimita 102 na nyeupe ya milimita 25 kila upande, ambayo mashine ya kukatia inaiondoa. Fremu za mraba madukani hazipatikani kirahisi, hivyo utamfuata fundi. Kwa picha ya sentimita 20 kwa 20, mwambie apime ulalo zote mbili kabla ya kupiga misumari: kila mmoja uwe sentimita 28.3. Ulalo mmoja ukizidi kwa milimita chache, kwenye mstatili mrefu jicho linaweza kupita, kwenye mraba fremu inaonekana imepinda kuanzia mlangoni.